Jicho la Thelathini na Moja

Asubuhi ya kwanza ya kazi, mchora ramani alifungua mlango wa chumba alichoelekezwa, akamkuta wifi yake ameketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaufunga mlango taratibu na kurudi kwenye korido. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo akijifanya anasoma. Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka minne. Katika miaka hiyo walikuwa wamekwepana kwenye harusi mbili na misiba mitatu, na kila mmoja alijua vizuri njia anazopita mwenzake ili asipite yeye. Sasa chuo cha ufundi kilikuwa kimewaweka chumba kimoja.

Angeondoka. Lakini ofisi ya upimaji ardhi, alikochora ramani kwa mkono kwa miaka kumi na tisa, ilikuwa imenunua mashine za kuchora, na yeye na wenzake watano wakaagwa kwa soda na hotuba. Jina la Kalamu alilipata huko, kwa sababu mstari wake haukutetemeka hata akipiga chafya. Tangu aachishwe alikuwa na jina bila kazi. Alivuta pumzi, akaufungua mlango mara ya pili.

Aliyewaajiri alikuwa mhadhiri mwembamba mwenye shahada ya juu ya kompyuta. Chuoni walimwita Daktari, na wafagiaji walikuwa hawajaacha kumfuata kumwomba dawa ya mgongo. Alikuja nyuma ya Kalamu akiwa amebeba waya mkononi, akawatambulisha.

"Huyu ni Sista, kutoka kliniki ya macho," alisema. "Na huyu ni Kalamu, alikuwa mchora ramani. Mtafahamiana."

"Tunafahamiana," alisema Sista bila kugeuka. "Sana tu."

Daktari alidhani hizo ni habari njema. Akaanza kuwaeleza kazi. Kliniki ilikuwa imempa picha za ndani ya jicho, na zikitimia zingekuwa arobaini, kila moja imeondolewa jina na kubakizwa namba. Kila picha ilionyesha ukuta wa nyuma wa jicho, retina, wenye rangi ya chungwa lililoiva, na juu yake mishipa ya damu ikitawanyika kutoka kwenye duara moja la manjano. Daktari alitaka kompyuta iitoe mishipa hiyo yenyewe: ipitie picha nukta kwa nukta na kuamua kama nukta hii ni mshipa au si mshipa. Mwanzoni aliiambia itafute kila palipo na mfereji mweusi katikati ya kingo mbili zenye mwanga. Mishipa minene iliipata. Myembamba iliikosa, na penye doa la damu iliyovuja ilichora mshipa usiokuwepo. Kwa hiyo sasa aliamua kuifundisha kwa mifano. Watu wawili wachore kila mshipa juu ya skrini kwa kalamu ya kielektroniki, kila mtu peke yake. Kompyuta ijifunze kwa mmoja, na michoro ya mwingine iwe kipimo, kwa sababu kama binadamu wawili wenye akili timamu wanapishana kiasi fulani, mashine haiwezi kulaumiwa kwa kupishana kiasi hicho hicho.

"Kwa hiyo msisaidiane," alimalizia. "Ukiona mwenzako anakosea, mwache akosee."

"Hilo halitatupa shida," alisema Sista.

Chanzo cha uadui wao kilikuwa mtu ambaye wote wawili walimpenda. Mume wa Kalamu, kaka mkubwa wa Sista, alikuwa mwalimu siku za kazi na mwamuzi wa mpira mwisho wa wiki, na mji mzima ulimwita Refa. Kwa miaka kumi na mitano mashabiki walimzomea kwamba ni kipofu. Yeye alicheka, alisema refa asiyetukanwa hajachezesha. Alikuwa na kisukari, na macho yake yalipimwa kwenye kliniki aliyofanya kazi dada yake. Miaka sita iliyopita Sista mwenyewe ndiye aliyempiga picha za macho na kuzisoma. Akaandika kwenye kadi: hali nzuri, arudi baada ya mwaka mmoja.

Mwaka ulipotimia Kalamu alikuwa amepangiwa kazi ya kupima ardhi mbali na nyumbani, miezi saba, na watoto wao wawili walikuwa bado wa kuangaliwa. Alimwambia mumewe asubiri, atampeleka akirudi. Refa alikwenda miezi kumi na tisa tangu apigwe picha zile, na hata hapo alikwenda kwa sababu damu ilikuwa imemwagika ndani ya jicho la kulia. La kushoto likafuata kabla mwaka haujaisha. Matibabu yalifanyika, lakini yalikuta nyumba imeshaungua.

Watu walitafuta wa kumlaumu, na hawakwenda mbali. Siku ya harusi ya mpwa wao, mbele ya ukoo mzima, Sista alisema kwamba kaka yake alijaliwa macho mawili na mke mmoja, na vyote vitatu havikumfaa. Kalamu aliweka sahani chini, akajibu kwamba aliyelipwa kuona ndiye hakuona. Bingwa aliyemtibu Refa alikuwa amesema huenda dalili zilianza mapema, na hiyo "huenda" Kalamu aliishika kama hati ya kiwanja. Tangu siku hiyo hawakuitana wifi, wala chochote kingine.

Chumba walichopewa kilikuwa stoo ya karatasi za mitihani. Meza mbili ziliwekwa zikitazama kuta tofauti, katikati kabati la chuma, na feni moja darini. Sista aliizima feni kwa sababu inamkausha macho. Kalamu aliiwasha akirudi kutoka msalani. Sista alifungua pazia, Kalamu akalifunga, maana mwanga uliangukia skrini yake. Wakitaka kuambiana jambo walimwambia Daktari, hata kama mwenyewe hakuwepo.

"Daktari, kuna watu humu wanapumua kama cherehani," Sista aliiambia hewa.

"Daktari," Kalamu alijibu akiwa ameinamia kazi yake, "wengine wanajimwagia marashi ili roho isinuke."

Baada ya wiki mbili Daktari alileta feni ya pili, ya mezani, akiamini tatizo ni joto.

Kazi yenyewe Kalamu aliipenda, na jambo hilo lilimuudhi. Alijifunza kuondoa rangi nyekundu na buluu kwenye picha na kubaki na kijani peke yake, kwa sababu hapo mishipa huonekana vizuri zaidi. Aliikuza picha mpaka mshipa mmoja ukawa barabara ya vumbi iliyojaa nukta, akaufuata. Katika ramani, kijito lazima kitoke mahali na kiende mahali. Mchoraji akikikata katikati, kuna mtu atachimba kisima pasipo na maji. Kwa hiyo alifuata kila mshipa mpaka mwisho wake, hata ulipokuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Picha moja ilimchukua karibu saa mbili. Sista alimaliza yake kwa dakika arobaini. Alichora mishipa ambayo muuguzi wa macho huiangalia, akaacha ile ambayo, kwa maneno yake, haijawahi kumponya wala kumuua mtu. Kisha alikunja mikono na kusikiliza kalamu ya mwenzake ikikwaruza, akishusha pumzi ndefu kila baada ya muda ili isikike.

Picha ishirini zilipokamilika, Daktari aliwaita kwenye skrini kubwa ofisini kwake. Aliweka michoro yao mmoja juu ya mwingine: nyekundu ya Kalamu, buluu ya Sista, na walipokubaliana pakawa peusi. Mashina yote yalikuwa meusi. Lakini pembeni, kila picha ilikuwa na manyoya mekundu, mishipa ambayo Kalamu peke yake aliichora. Daktari alieleza kwamba ameifundisha kompyuta kwa michoro ya Kalamu, kwa kuwa ni kamili zaidi, na kwamba kwenye ripoti Kalamu ataitwa mtazamaji wa kwanza na Sista mtazamaji wa pili. Kisha akaongeza, kwa furaha ya mtu anayependa tarakimu na asiyewajua watu, kwamba kuna jambo la ajabu limejitokeza: kompyuta sasa inakubaliana na Kalamu kuliko Sista anavyokubaliana naye.

Sista alimgeukia Daktari.

"Nimetazama macho ya watu miaka ishirini na mbili," alisema. "Yeye ametazama makaratasi. Leo ndiye wa kwanza?"

Daktari alijitetea kwamba wa kwanza na wa pili ni majina tu, kwamba wa pili ndiye kipimo, na bila kipimo kazi nzima haina maana.

"Wa pili ni wa pili," alisema Sista. "Hata kwenye foleni ya maji."

Kalamu alitazama skrini na kutabasamu, tabasamu dogo lisilozidi upana wa mshipa, lakini Sista aliliona. Hilo ndilo lililoleta yote yaliyofuata.

Picha zililetwa kutoka kliniki kumi kumi, na aliyezileta ni Sista. Juma moja baadaye, thelathini za kwanza zilipokwisha, alileta nyingine, za thelathini na moja hadi arobaini. Siku hiyo hakuzima feni. Hakulalamika kuhusu pazia. Kalamu aliliona hilo, akajiambia kwamba nyoka akinyamaza ujue amekuona.

Alianza na ya thelathini na moja. Ilikuwa picha ya zamani kidogo, yenye ukungu upande mmoja, ya jicho la kulia. Aliyachora mashina, akayachora matawi. Karibu na ukingo wa chini wa lile duara la manjano akaona kitu kama unywele ulionaswa kwenye chanuo. Alifikiri ni uchafu wa lenzi. Akaikuza picha, akabaki na kijani, akaipunguza mwanga. Ulikuwa mshipa, mwembamba kupita yote, umejikunja na kurudi ulikotoka. Pembeni yake kulikuwa na mwingine. Alizoea vijito vinavyokwenda mahali. Hivi havikwenda popote, vilijizungusha tu pale pale kama watu waliopotea sokoni. Alitoka nje, akanywa maji, akapumzisha macho kwa kutazama paa la jengo la jirani, kisha akarudi na kuhesabu upya. Ilikuwa kumi na mmoja. Aliichora yote, mmoja mmoja, akahifadhi kazi yake na kuendelea na ya thelathini na mbili.

Ijumaa Daktari aliwaita kulinganisha. Alikuwa ndiyo kwanza anakaa, Sista akasema kwamba angependa waanze na ya thelathini na moja, na kabla haijafunguliwa ana neno.

"Hilo ni jicho la kaka yangu," alisema. "Mume wa huyu. Ni picha niliyompiga miaka sita iliyopita, ile ambayo huyu mama amezunguka mji mzima akisema ningekuwa na macho ningeona ugonjwa. Nimeiweka humu bila yeye kujua. Ameichora mwenyewe, kwa mkono wake usiotetemeka. Sasa fungua, Daktari. Tuone yeye ameona nini."

Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kwa mara ya kwanza akawa ameelewa ni watu gani aliowafungia kwenye stoo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe. Labda angeuondoa. Lakini Kalamu naye alisema, "Fungua."

Picha ikaja. Mashina meusi, matawi meusi. Chini ya duara la manjano, peke yake, kulikuwa na kifundo cha nyuzi nyekundu. Hapakuwa na buluu hata nukta moja.

Saa mbili alizokaa Kalamu na jicho lile zilimrudia zote pamoja: jinsi alivyokunywa maji, jinsi alivyotazama paa, jinsi alivyohesabu. Alikuwa amelala kitanda kimoja na jicho lile miaka ishirini, na hakulitambua.

"Hiyo ni kasoro ya picha," alisema Sista.

Daktari, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake ilijua kompyuta tu, alifungua na mchoro wa programu. Programu ilikuwa imepata minne kati ya ile kumi na mmoja.

"Hiyo imefundishwa na yeye," alisema Sista. "Umemlisha shahidi maneno, halafu unamleta mahakamani?"

Na katika hilo alikuwa na haki; Daktari alikiri. Akaipeleka picha kwa bingwa wa macho wa hospitali kuu, bila jina na bila michoro, na wote watatu wakakaa kusubiri jibu kama watu walio nje ya chumba cha upasuaji. Bingwa alipiga simu baada ya nusu saa. Alisema mishipa mipya, ile inayoota kwa kisukari na kupasuka, ipo, chini ya duara, midogo sana, na mgonjwa huyo angepaswa kuanza matibabu bila kuchelewa. Daktari alimuuliza kama ni rahisi kuikosa. Bingwa akasema kwenye skrini za kliniki za miaka ile, na foleni zile, hata yeye asingeapa kwamba angeiona.

Sista alishika hilo la mwisho kwa mikono miwili.

"Ulikaa nayo muda gani?" alimuuliza Kalamu, moja kwa moja, bila kupitia kwa Daktari.

"Karibu saa mbili."

"Mimi nilikuwa na dakika nne. Na nje kulikuwa na watu sitini wamekaa chini."

"Mmoja wao alikuwa kaka yako."

"Na juzi nilipoitazama tena hapa," Sista alisema, "nilikuwa na muda wote duniani, na bado sikuiona. Basi. Umefurahi?"

Kalamu alikuwa amelisubiri neno hilo miaka minne. Lilipokuja, lilikuwa kama chakula alichowekewa mtu ambaye njaa imeshamgeukia kuwa kichefuchefu. Alisema hajafurahi. Alisema kwamba yeye aliambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba amemharibu mumewe, na anayestahili kusikia habari hizi yuko nyumbani.

Daktari ndiye aliyelimaliza. Hakupaza sauti. Picha zote zilikuwa na kibali cha wenyewe, alisema, hii haina. Jicho la mtu si karata ya kutupiana mezani. Aliwapa mpaka Jumatatu: ama mwenye jicho akubali, ama picha na michoro yake yote ifutwe, na kwa vyovyote vile kliniki itaandikiwa barua.

Jumamosi mchana Sista alikuja nyumbani kwa kaka yake. Hakuwa amekanyaga pale tangu mwaka ule wa harusi. Alikuta kamba imefungwa kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, imechakaa na kung'aa kwa kushikwa. Aliitazama, akapita. Refa alikuwa ameketi mezani, redio mbele yake ikitangaza mpira kwa sauti ya chini. Alizitambua hatua za dada yake kabla hajabisha, akaizima redio.

Kalamu ndiye aliyeeleza. Alieleza kwa kifupi, kama anayesoma ripoti, na Sista hakumkatiza. Refa alisikiliza akiwa amegeuza uso upande ambao hakuna mtu.

"Ilikuwepo au haikuwepo?" aliuliza mwishoni.

"Ilikuwepo," alisema Kalamu. "Kumi na mmoja."

"Bingwa amesema ni midogo," alisema Sista. "Amesema hata yeye..."

"Sijamuuliza bingwa. Siku ile ulikuwa na haraka gani?"

Sista alikaa. Alijibu akitazama mikono yake.

"Ulikuwa na mechi saa tisa, Kaka. Ulisimama mlangoni umevaa filimbi shingoni. Uliniambia nikikuchelewesha utanipa kadi nyekundu. Nilitaka uwahi."

Refa alitikisa kichwa polepole. Aliipapasa redio mezani, Kalamu akadhani yameishia hapo. Kisha akaanza kuongea, kwa sauti ambayo hata mkewe hakuwa ameizoea. Alisema miezi minane baada ya picha ile alianza kuona nyuzi nyeusi. Zilielea uwanjani mbele yake, mpira ukiwa upande wa kulia hasa, kama nywele kwenye supu. Wiki nyingine zilipotea, akajiambia ni uchovu. Zikarudi nyingi zaidi. Akajifunza kuchezesha kwa kusikiliza: mlio wa kiatu, mtu anavyoanguka, mshika kibendera anavyokohoa. Alichezesha hivyo karibu mwaka mzima.

"Mwaka mzima," alisema Kalamu.

"Kasoro mwezi."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Uwanja mzima unaimba kwamba refa haoni, halafu mimi nisimame niseme ni kweli? Nilikwambia nasubiri urudi kwa sababu ilinifaa kusubiri. Ningeweza kwenda kliniki kwa miguu."

Kalamu aliinuka. Aliuliza, taratibu sana, kama anakumbuka siku ya harusi ile. Refa akasema anakumbuka. Akamuuliza alikuwa ameketi wapi dada yake aliposema yale maneno. Refa akasema alikuwa pale pale, meza moja nao.

"Ukasikia."

"Nilisikia. Nilikuwa nasikia vizuri kuliko wote."

"Miaka minne nimebeba mzigo huu," alisema Kalamu. "Nimeubeba sokoni, nimeubeba kanisani, nimeubeba kitandani humu humu. Na wewe ulikuwa unajua uzito wake."

Alitoka nje kwa mlango wa nyuma kabla hajasema jingine ambalo asingeweza kulirudisha. Baada ya muda kidogo Sista naye alitoka. Mmoja alisimama kwenye tangi la maji, mwingine kwenye ukuta, na mlango wa nyumba ukabaki wazi nyuma yao. Kwa mara ya kwanza hasira zao zilikuwa zimeelekea upande mmoja. Hata hivyo hawakutazamana, na Sista alipopita karibu na mwenzake kwenda getini alipita kama anapita nguzo.

Refa alikataa kutoa kibali. Alisema jicho lake limeshafanya kazi ya kutosha, halitafundisha kompyuta wala kumpa mtu yeyote ushindi. Jumatatu Daktari aliwaita wote wawili, akaifuta picha mbele yao pamoja na michoro mitatu: wa nyekundu, wa buluu na ule wa programu. Kalamu alitazama ile kumi na mmoja ikipotea kutoka kwenye skrini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, na ilikuwa haki yake, na sasa hakuna mahali duniani ilipoandikwa. Sista alisaini karatasi ya kufuta bila kusoma.

Kliniki ilimpa Sista barua ya onyo na kumwondoa kwenye mradi. Muuguzi mwingine, mwanamke mpole aliyependa kuimba, alikuja kumalizia nafasi yake, na Kalamu akagundua kwamba anachora polepole zaidi sasa, kwa sababu hakuna wa kumchukia ng'ambo ya kabati. Programu ilikamilika kwa picha thelathini na tisa. Ikafungwa kwenye kompyuta za kliniki, ambako sasa inachora mishipa kwa sekunde chache, na muuguzi anatakiwa kubonyeza kama anakubali au hakubali. Yule muuguzi mpole alimwambia Kalamu kwamba Sista hubonyeza hakubali mara nyingi kuliko wote, na kila akibonyeza huandika sababu, ndefu, na mara nyingi sababu zake ni sahihi. Kalamu alisikia habari hiyo bila kuongeza wala kupunguza.

Nyumbani alikaa siku kumi na moja bila kumsemesha mumewe zaidi ya chakula kipo na maji yako tayari. Siku ya kumi na mbili alimuuliza zile nyuzi zilikuwa na umbo gani, naye akamweleza, na wakaongea mpaka chai ikapoa. Hakumsamehe siku hiyo. Alianza tu kumuuliza mambo.

Refa alianza kwenda kwa dada yake kila Jumamosi. Mwenyewe ndiye aliyeomba, na hakuna aliyempinga. Sista huja kumchukua saa nne asubuhi. Haingii, husimama nje ya geti akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kalamu humfunga mumewe vifungo vya shati, humwongoza mpaka getini, na hapo huuachia mkono wake Sista anapoupokea, kwa namna ambayo vidole vyao wenyewe havigusani.

"Dawa amekunywa?" Sista huuliza.

"Amekunywa," hujibu Kalamu, na kufunga geti.